Tezi Yangu na Ndugu Zake

Nimeandika haya kwa ajili ya mwanamke ambaye ameambiwa shingo yake ina tatizo, mikono inamtetemeka, na hajui amwogope nani. Mimi nilimwogopa kila mtu. Niliogopa dawa, nikaogopa chakula, nikafika mahali pa kuogopa hata kumbusu mtoto wangu. Sasa nimepata nafuu kiasi cha kukaa mezani na kalamu, kwa hiyo nitasema yalivyonipata. Pale madaktari waliponieleza mambo ya ndani ya mwili, nitayarudia kama nilivyoyaelewa. Ukiona nimekosea, muulize daktari wako, mimi ni mshonaji tu wa nguo.

Elisha, mtoto wetu wa pili, alizaliwa theluji ya mwisho ikiyeyuka. Tunaishi Columbia Heights, ghorofa ya pili: mimi, mume wangu Byamungu, binti yetu Grace mwenye miaka tisa, na mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Koko. Sisi ni watu wa Kongo, upande wa ziwa Kivu. Tulipita kambi ya wakimbizi, tukafika Minnesota, Marekani, Grace akiwa bado wa kubebwa. Mama mkwe alitufuata baadaye na sanduku moja na sheria zake zote. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mwanamke aliyejifungua hapiki, hashiki maji baridi, na hakatai chakula anachopewa na mama wa mumewe. Sheria hiyo niliipenda mno. Nilikaa kwenye kochi nikinyonyesha, sahani zinakuja na kuondoka, nikanenepa mashavu.

Majira ya joto yalipokolea nikaanza kubadilika. Kwanza nilidhani ni hali ya hewa. Nilitokwa na jasho nikiwa nimekaa, nikaweka kiyoyozi chini kabisa mpaka Grace akalala na sweta mwezi wa nane. Moyo ulikuwa unakimbia bila mimi kwenda popote. Nilikula sahani mbili na bado nguo zikanipwaya. Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Wanawake wa kanisani kwetu, kule Brooklyn Center, wakanizunguka baada ya ibada wakinisifu.

"Mama Grace, umefanya régime gani ya kupungua? Tuambie na sisi!"

Nikacheka nao. Ndani nilikuwa naogopa, maana sikuwa nimefanya lolote. Nyumbani nilikuwa nafokea kila kitu, mlango, kijiko, mume. Uzi ukaanza kunishinda kupenya tundu la sindano kwa sababu ya kutetemeka, nikawarudishia watu vitambaa vyao bila kusema ukweli. Siku moja Grace alinitazama tukiwa tunakula, akaacha uma.

"Mom, your eyes look scared," akasema, yaani macho yangu yanaonekana kuogopa.

Nikaenda kujitazama kwenye kioo. Macho yalikuwa yamejitokeza kama ya mtu aliyegutushwa, na hayakurudi ndani hata nilipojaribu kutabasamu.

Aliyeiona shingo ni mama mkwe. Alikuwa ananisuka, akasimamisha vidole.

"Geuka kidogo. Meza mate."

Nikameza.

"Eeh. Hii njo ile shingo ya kwetu. Ni chumvi inakosa."

Ukisikia hivyo usimcheke. Yeye alizaliwa kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa, na huko alikua akiona watu wazima wenye rovu kubwa shingoni. Udongo wa kule hauna madini joto ya kutosha, yale ambayo sisi tunaita iode na ambayo hutiwa kwenye chumvi, na watu wanakula muhogo mwingi, ambao nao huzidisha uvimbe. Anakumbuka muuguzi akija na dawa ya iode, watu wanapanga mstari, wanafungua kinywa, na baada ya muda shingo zinapungua. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo nilipanga mstari wa namna hiyo shuleni. Kwa hiyo aliposema ni chumvi inakosa, niliona amesema jambo ninalolijua. Nilipumua. Ugonjwa wenye jina la kwetu unatisha kidogo kuliko ugonjwa usio na jina.

Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, alimwomba Byamungu asimame kwenye duka la vitamini. Akarudi kwenye gari na kichupa cheusi cha matone ya iode. Kuanzia hapo kila asubuhi aliyatia kwenye uji wangu, waziwazi, mbele ya kila mtu.

"Kunywa, mutoto wangu. Kisha utaona, shingo itarudi nafasi yake."

Nilikunywa yote nikalamba na kijiko.

Majani yalipogeuka rangi nilikuwa siwezi kupanda ngazi za ghorofa yetu bila kukaa katikati. Byamungu, ambaye anafanya kazi kwenye ghala kubwa la Shakopee, aliomba ruhusa akanipeleka kliniki, na kliniki wakanipeleka kwa daktari wa tezi. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na samaki ndani ya sanduku la kioo. Nilijaribu kuwatazama nitulie, lakini moyo wangu ulikuwa unaenda mbio kuliko wao. Mwanamke aliyekaa mkabala nami alikuwa na kovu jembamba shingoni. Nikahama kiti nisilione.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, anayeongea polepole. Mkalimani alikuwa ndani ya simu, Mtanzania kwa matamshi yake, Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba nilijikuta nimekaa wima kama niko mbele ya mchungaji. Daktari alisema askari wa mwili wangu wameidhania tezi yangu ya shingoni kuwa adui na wanaichapa ifanye kazi bila kupumzika. Hutokea kwa wanawake baada ya kuzaa. Ndani ya tezi, akasema, kuna kimeng'enya, mfanyakazi ambaye kazi yake ni kuyashika madini joto na kuyapachika mpaka yanakuwa homoni. Vidonge atakavyonipa vitamfunga huyo mfanyakazi mikono. Naweza kuendelea kunyonyesha kwa kipimo hicho.

"Daktari anauliza," ikasema simu, "kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Hapana," nikasema.

Sikudanganya. Dawa ni kile anachoandika daktari. Matone yale kwangu yalikuwa chumvi, na chumvi ni chakula.

Mwishoni alinishika mkono, akataka mkalimani arudie maneno yake mara mbili: nikipata homa au koo likiniuma, niache vidonge na nije hospitali siku hiyohiyo, nisisubiri. Byamungu akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Jioni tulimsimulia mama mkwe tukiwa mezani, naye akasikiliza huku anamlisha Elisha viazi.

Vidonge havikunishusha. Nilirudi kupima damu, wakaongeza. Nikarudi, wakaongeza tena. Kila nikirudi yule daktari alikuwa anakunja uso zaidi, na mimi nausoma uso wake kama mtu anayesoma barua ya uhamiaji. Nilianza kufikiri kwamba ugonjwa wangu ni wa aina isiyosikia dawa, kwamba wanajua na wananificha. Nikiwa namnyonyesha Elisha, mapigo ya moyo wangu yalikuwa yanamtikisa kichwa. Alizoea, masikini. Mimi sikuzoea. Nilikuwa najiuliza nikidondoka na yeye mikononi, nitaangukia upande gani.

Miti ilipobaki vijiti mama mkwe alinisindikiza kwa mara ya kwanza, ili ambebe mtoto. Mkalimani wa siku hiyo alikuwa dada wa Kenya.

"Daktari anasema anashukuru vile unasaidia mama ya mtoto," akamwambia mama mkwe. "Anauliza, anakula poa? Anakula nini?"

Mama mkwe alisimama, maana kwetu ukisifiwa na mkubwa husemi ukiwa umekaa. Akataja fufu, sombe ya majani ya muhogo, samaki, uji. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa na kukiweka mbele ya daktari kwa mikono miwili.

"Mwambie docteur na mimi niko nasaidia. Hii njo natia ndani ya uji, kila asubuhi. Sijasahau hata mara moja."

Daktari akakisoma. Akakiweka mezani taratibu sana, na upole ule ndio ulionitisha.

"Daktari anasema… pole, Mama. Anasema msitumie hii tena. Ile dawa inamfunga yule mfanyakazi wa tezi mikono, na hii inamletea kazi juu ya kazi. Ndiyo maana haishuki."

"Hii imeponesha watu yetu! Niliona na macho yangu!"

Simu ikapeleka Kiingereza, ikarudi. "Anasema uko sahihi kabisa kwa watu wa kwenu. Ugonjwa wa huko ni njaa ya iode. Huyu hana njaa. Huyu amevimbiwa."

Mama mkwe akakaa. Elisha akamvuta hereni, hakumzuia.

Tukaingia garini, tukashika Central Avenue. Kwenye taa nyekundu Byamungu akasema, bila kugeuka, "Mama, ulitaka kumwua?"

Kuna maneno ambayo mtu akishayatoa hata yeye mwenyewe anatamani kuyaokota. Niliona shingo ya mume wangu imekakamaa. Mama mkwe alikuwa anatazama dirishani, na aliendelea kutazama hata taa ilipogeuka. Tangu siku ile hakuingia jikoni. Grace alianza kula mkate na siagi. Habari ilifika kanisani, sijui kwa mdomo wa nani, na ikafika ikiwa imenona: mama mkwe wa Mama Grace anamlisha mkwewe sumu. Alipoingia ibadani wanawake walisogeza mikoba yao kumpa nafasi kubwa kuliko anayoihitaji.

Na mimi nisijifanye malaika. Siku moja aliniletea glasi ya maji, nikainusa kabla ya kunywa. Ilikuwa woga tu, sikukusudia. Lakini aliniona.

Bila matone vidonge vikaanza kufanya kazi. Moyo ukatulia, nikaweza kutunga uzi kwenye sindano, nikashona gauni zima la mtu. Nilianza kuthubutu kufikiria Krismasi. Tulipika, tukaimba, theluji ikaanguka vizuri bila upepo, na nikadhani tumevuka.

Baada ya mwaka mpya koo likaanza kuniuma. Grace alikuwa amerudi na mafua kutoka shule, nikasema ni yaleyale. Kwetu tumefundishwa kusoma kohozi: likiwa la kijani, una ugonjwa, likiwa jeupe kama maji, ni baridi tu. Nikatema kwenye karatasi, nikatazama. Maji matupu. Nikafurahi. Kesho yake homa ikapanda, meno yakagongana, kumeza mate kukawa kama kumeza miiba, nikatema tena nikatazama tena. Maji matupu. Nikajifunika blanketi nikijiambia kwamba si kitu.

Baadaye nilikuja kuambiwa kwa nini halikuwa la kijani, nami nitakwambia. Nikiikumbuka ile furaha mwili unanisisimka.

Byamungu alikuwa Shakopee. Kazini kwao simu zinawekwa kwenye makabati, ukimpigia unapigia chuma. Mama mkwe, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa ananisemesha kwa salamu tu, aliingia chumbani akaweka kiganja kwenye paji langu. Kisha akanishika kidevu.

"Fungua kinywa."

Akamulika kwa simu yake. Sijui aliona nini, mimi nilikuwa nimefumba macho, lakini niliusikia mkono wake ukibadilika.

"Docteur alisema nini juu ya homa?"

"Ni baridi tu, Mama. Kohozi ni jeupe."

"Sikuuliza kohozi. Alisema nini?"

Mezani siku ile, akimlisha mtoto viazi, alikuwa amesikia kila neno. Alimfunga Elisha mgongoni kwa kitenge, akavaa koti la mwanawe juu, akatoka kwenye korido. Hajui Kiingereza. Kwenye mlango unaotazamana na wetu anakaa mzee mmoja wa Kimarekani ambaye kwa miaka yote hatukuwa tumemwambia zaidi ya hello. Alimgongea kwa ngumi. Mzee alipofungua, mama mkwe alimwonyesha shingo yake mwenyewe, akaonyesha mlango wetu, akasema neno moja, "Opitali." Huyo mzee hakuuliza swali. Alikwenda kuwasha gari amevaa ndala na soksi kwenye theluji.

Hospitalini walinitoa damu, wakanikalisha kwenye chumba cha kusubiri cha dharura pamoja na watu wanaokohoa. Muda mfupi baadaye muuguzi alitoka akitembea haraka, akaniita jina nusu, akanivalisha barakoa na kunitoa pale karibu kwa kukimbia. Wakiwa wanakuchelewesha unakasirika. Wakikukimbiza ndipo unapojua maana ya kuogopa. Nilifungiwa peke yangu chumba chenye milango miwili. Daktari kijana akaniambia, kupitia mkalimani kwenye skrini, kwamba chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu zimekwisha, zimeuliwa na vidonge vyangu vya tezi. Nikauliza zimebaki ngapi. Akasema, "Karibu hakuna."

Byamungu alifika na fulana yake ya kazini inayong'aa, barakoa imempanda mpaka machoni. Hakuruhusiwa kunigusa.

"Elisha?" nikamuuliza.

"Anakataa chupa," akasema. "Analia tu."

Hapo ndipo nililia. Mpaka siku ile niliogopa mambo mengi yaliyochanganyika. Ndani ya chumba kile yakabaki mawili tu: nitakufa, na mtoto wangu atakuwa analia ndani ya nyumba ambayo mimi simo, na hakuna atakayemnyamazisha. Nililiona kabisa. Niliona kochi letu, dirisha, na yeye amekaa sakafuni ananyoosha mikono juu, na hakuna mtu.

Daktari wa tezi alikuja asubuhi, amevaa gauni la karatasi juu ya nguo zake. Alivuta kiti. Nilimwuliza kwa nini dawa ya shingo imeua damu. Akasema hawana uhakika wote, ila wanachodhani ni hiki. Yule mfanyakazi wa tezi ana ndugu. Mmoja anaishi ndani ya chembe nyeupe za damu na kazi yake ni kutengeneza sumu ya kuua vijidudu. Mwingine yuko kwenye mate, kwenye machozi, na kwenye maziwa ya mama, anazuia vijidudu visimfikie mtoto. Wote wana kiini kilekile chenye chuma, kama cha damu. Wote wametoka kwa babu mmoja, zamani sana, kabla hakujawa na ng'ombe wala panya wala mtu, kisha kila mmoja akapata kazi yake na nyumba yake. Ng'ombe anao, panya anao, na wewe unao.

"Dawa ilitumwa kwa yule wa tezi," akasema mkalimani, "lakini ndugu yake wa kwenye damu naye akaishika, akaigeuza kitu kibaya. Wanafanana mno."

Kisha akaniambia habari ya kohozi. Yule ndugu wa kwenye damu ana rangi ya kijani. Kohozi la kijani ni yeye, amekufa vitani. Langu lilikuwa jeupe kwa sababu hapakuwa na askari hata mmoja wa kufa.

Nililala nikitazama dari. Nimekulia kwenye ukoo mkubwa, najua namna ndugu wanavyoweza kubebeshwa kosa la mwenzao kwa kufanana sura tu. Sikuwahi kufikiri jambo hilo linaweza kutokea ndani ya mwili wangu. Kila baada ya muda muuguzi aliniletea mashine nikakamua maziwa, na kwa sababu ya dawa za nguvu walizokuwa wananipa mishipani, yakamwagwa kwenye sinki. Nilikuwa nayatazama yakienda. Yule ndugu wa tatu alikuwa humo, mzima, hana kosa na mtu, na anamwagwa.

Walinichoma sindano za kuamsha mifupa itengeneze chembe mpya. Mifupa iliuma mpaka ya taya. Kila asubuhi walichukua damu, na kila asubuhi nilimtazama muuguzi machoni kabla hajasema. Asubuhi nyingi alitazama pembeni. Kisha ikaja moja akaingia ameinua kidole gumba tangu mlangoni. Jioni yake nilikohoa, nikatema, nikatazama karatasi: kijani. Kijani kibichi, kizito, kinatia kinyaa. Nilimpigia Byamungu simu kumwambia, nikilia kwa furaha, akadhani nimechanganyikiwa.

Vidonge vile sitavigusa tena maisha yangu yote, wala vya jamii yake. Na bila vidonge tezi ingerudi kuwa kama zamani. Nikapewa njia mbili. Ya kwanza ni kumeza iode yenye mionzi. Tezi ingeivuta yenyewe na kuungua polepole. Lakini ningemwachisha Elisha ziwa kwanza, na baada ya kumeza nisimkumbatie mpaka mionzi ipungue. Ya pili ni kisu. Nikauliza hatari za kisu. Wakanitajia: damu, sauti kupotea, mikono kukakamaa, usingizi usioamka. Byamungu alitaka mionzi. Mimi nilichagua kisu, na nilikuwa naogopa kisu kuliko yeye. Sikuweza kukubali kuishi nyumba moja na mtoto wangu huku mimi ndiye sumu.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani kungoja upasuaji, na siku yake ilipokaribia daktari aliandika dawa ya kuipoza tezi. Byamungu aliichukua, akaifungua mezani. Kichupa cheusi cha matone. Harufu ileile ya chuma.

Mama mkwe alisogea akanusa, akarudi nyuma.

"Njo yenyewe?"

Ilikuwa yenyewe, ila kali zaidi. Daktari alikuwa amenieleza kwamba ikimiminwa nyingi kwa ghafla tezi inapigwa butwaa, inaacha kazi kwa siku chache, na katika siku hizo ndipo wanapoikata. Ikichelewa, inazinduka. Byamungu akashika kichupa ili anipimie. Nikamwambia akiweke chini.

"Mama," nikasema, "nipe wewe."

"Mimi? Hapana. Mimi nisishike tena ile kitu."

"Nipe wewe, Mama. Yeye atakosea."

Akaenda kunawa mikono, muda mrefu, tukisikia maji. Akarudi, akahesabu matone kwa Kihavu, lugha ya kisiwani kwao, kwa sauti, kila tone akilitazama linavyoanguka kwenye glasi. Nikanywa bila kunusa. Byamungu alikuwa amesimama kwenye friji, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Mama." Asubuhi iliyofuata nilisikia sufuria jikoni, na Grace akiomba sombe kwa Kiingereza.

Siku ya kisu nilimnyonyesha Elisha kungali na giza, kisha nikamkabidhi kwa bibi yake nikiwa nimevaa koti. Hospitalini walinichorea mstari shingoni kwa kalamu. Nilitetemeka hivi kwamba kitanda kiligonga ukuta. Nilisali, na sala yenyewe haikuwa ya watu wakubwa wa imani. Nilisema tu, si leo, tafadhali, si leo. Nilipozinduka nilisikia mtu ananiambia nitaje jina langu, nikajaribu, nikatoa mkwaruzo kama wa mlango. Lakini ulikuwa mkwaruzo wenye jina langu ndani. Vidole vilikuwa na ganzi, wakanipa vidonge vya kalsiamu, madini ya mifupa, ikapungua. Tangu hapo nameza kidonge kimoja kila asubuhi badala ya tezi, na nitakimeza mpaka uzee.

Nilirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, barabara zikiwa na matope ya theluji inayokufa. Ngazi nilizipanda moja moja, Byamungu nyuma yangu amebeba mfuko. Njia nzima nilikuwa nafikiria uzito wa Elisha. Mama mkwe alifungua mlango akiwa naye kiunoni. Elisha alinitazama usoni, akatazama bandeji, akanitazama tena. Nikanyoosha mikono.

"Elisha. Njoo kwa mama," nikasema kwa ule mkwaruzo.

Alificha uso kwenye shingo ya bibi yake. Nikamgusa mgongo, akapiga kelele, akamng'ang'ania blauzi kwa ngumi zote mbili, "Ko! Ko! Ko!"

Mama mkwe aliona haya. Alijaribu kumbandua.

"Enda kwa mama yako, weye! Anakusahau wapi? Mama Grace, usisikie vibaya, ni mtoto. Ulipokuwa ku opitali alikuwa nalia sana, nikamuzoeza chupa na kijiko, nikalala naye…"

"Mwache, Mama," nikasema.

"Atakuzoea sasa hivi."

"Najua. Mwache kwanza."

Nilikaa kwenye kochi na koti langu. Mama mkwe akawa anatembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni, anampigapiga mgongoni, anamwimbia kitu cha kisiwani kwao, na kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Akalegea begani kwake, mdomo wazi, jicho moja bado linanitazama. Kochi lilikuwa lilelile, dirisha lilelile, nami tangu kile chumba cha milango miwili nilikuwa nimeliona jambo hilihili likitokea bila mtu wa kumnyamazisha. Machozi yalinitoka, na Byamungu akadhani nimeumia moyo, akataka kunifariji. Tangu majira ya joto nilikuwa naogopa kufa kwa sababu ya mtoto huyu. Bado naogopa kufa, lakini sasa ni kwa sababu yangu mwenyewe tu, na woga huo nimeona naweza kuubeba.